MREJESHO: Mradi wetu wa takwimu za dagaa, mwalo wa Kibirizi (wanaposhushia samaki), Kigoma

Wakuu, shikamooni. Niliomba ushauri hapa kuhusu klabu yetu ya hisabati shuleni. Tulikuwa tunaandika bei ya dagaa mwaloni ili kina mama wanaoanika wajue lini wanunue kwa wingi, lakini grafu ilipanda na kushuka bila mpangilio.

Aliyesema "ongezeni safu ya mwezi wa angani", Mungu akubariki. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri, wavuvi wengi wanapumzika. Tulipopanga namba kwa mzunguko wa mwezi, siku 29 na nusu hivi, badala ya wiki, mambo yakaeleweka. Mama mmoja akatucheka: "Wanangu, si mngeniuliza tu?" Kweli, ila hakuwa na hesabu ya bei inapanda kiasi gani. Sasa anayo, kaibandika kibandani kwake.

Fomu ya kujaza kwenye simu ilikataa kabisa. Mikono ina shombo na mchanga, nani aguse kioo? Daftari la kaunta na kalamu iliyofungwa kwa kamba ndivyo vilivyofaa. Na kupima kwa ndoo ileile kila siku, asanteni mliosisitiza.

Kubashiri bei wakati wa mvua tumeshindwa. Mvua ikizuia kuanika, mzunguko wote unavurugika, na data zetu za msimu huo bado ni chache. Tunaendelea kuandika.