Mara ya kwanza Afrika Kusini, niko na mama mwenye goti bovu: tuone wapi?

BintiWaUmoja
Habari za jioni wadau. Mama amestaafu ualimu na nimemwahidi safari. Nilipomwuliza nchi gani, hakufikiri hata kidogo: Afrika Kusini. Amefundisha habari za Mandela miaka na mikaka, sasa anataka kuiona ile seli kwa macho yake. Mimi nataka milima na bahari. Tunatoka Nairobi mwisho wa Agosti, tuna wiki moja na siku kidogo za ziada. Goti la kulia linamsumbua, kwa hiyo ngazi nyingi hapana. Nimeandika Johannesburg, mbuga ya Kruger, Durban, halafu Cape Town. Inawezekana? Pesa si za kumwaga.

MzeeWaMizigo
Dadangu, futa hiyo orodha ubaki na Cape Town. Kutoka Johannesburg hadi Cape Town kwa barabara ni kama kilomita 1,400. Ukijaribu kuzunguka kote huko, mama atarudi akikusimulia viwanja vya ndege tu. Shukieni Cape Town, mtafute nyumba moja, halafu kila siku mnatoka na kurudi hapo hapo. Hutamaliza yaliyopo hata ukikaa mwezi.

Kitu ambacho watu hawakuambii ni kwamba Agosti kule ni majira ya baridi na mvua. Fikiria Julai ya Nairobi ikiungana na Aprili yake. Table Mountain, yenye mita 1,086, inaweza kufunikwa na wingu siku nzima, na upepo ukizidi kile kigari cha kwenye waya kinasimamishwa. Kwa hiyo usipange "mlima ni Alhamisi". Siku ya kwanza kukikucha kweupe, acheni chai mezani mkapande. Goti halina shida, kigari kinawafikisha juu na sakafu yake inazunguka taratibu, hata mama akisimama mahali pamoja ataona pande zote. Hicho kigari hufungwa kila mwaka siku kadhaa kwa matengenezo, mara nyingi Julai au mwanzoni mwa Agosti, lakini hakikisha kabla hamjaondoka.

Kaka_Ngong
Mzee napinga. Kwenda Afrika Kusini bila Kruger ni kwenda Mombasa bila kuona bahari. Agosti upande ule hakuna mvua, nyasi ni fupi, wanyama wanakusanyika kwenye maji. Unajiendesha mwenyewe kwenye lami, hakuna haja ya kukodi gari la watalii. Na hapo karibu kuna korongo la mto Blyde, hilo nalo ni la kushangaza.

MzeeWaMizigo
Blyde nakubali, ni pazuri mno. Lakini huyu ametoka Umoja, simba wako nyuma ya Lang'ata tangu mbuga ya Nairobi ifunguliwe 1946. Alipe ndege nyingine kwenda kutazama pundamilia? Mama anamtaka Mandela, si Simba Mfalme.

BintiWaUmoja
😂 Nimemsomea mama, amesema pundamilia ameshawaona wa kutosha. Kruger imeondoka. Sasa Robben Island, kile kisiwa alikofungwa Mandela: kuna kutembea sana? Na tunahitaji viza?

Shangazi_SouthB
Viza hapana mpenzi. Tangu Januari 2023 Wakenya tunaingia bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Kinachowakwamisha watu uwanjani ni kadi ya homa ya manjano. Mchanjwe angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia.

Robben sisi tulienda na chama, na wengi wetu magoti yetu tunayajua wenyewe. Feri inaondokea V&A Waterfront. Ukifika kisiwani unazungushwa kwa basi, mnapita kwenye timbo la chokaa ambako wafungwa walivunja mawe kwenye mwanga mkali hadi macho ya Mandela yakaharibika. Kutembea kwenyewe ni ndani ya gereza, pole pole. Mara nyingi anayewaongoza hapo aliwahi kufungwa humo humo. Mandela alikaa pale tangu 1964 hadi 1982, na seli utaisoma vitabuni mara mia lakini ukiiona udogo wake unanyamaza. Mwalimu mmoja kwenye kundi letu alimuuliza yule kiongozi maswali hadi tukaogopa kuachwa na feri. Ruhusu mama afanye hivyo hivyo.

Muhimu: bahari ikichafuka, feri haiendi, na Agosti inachafuka kweli. Kateni tiketi za siku za mwanzo, ili ikiahirishwa mpate siku nyingine. Msiiweke mwisho kabisa halafu mama arudi bila alichoendea.

Mpwani_Eastleigh
Dada, mkishuka mlimani nendeni Bo-Kaap. Ni mtaa wa Waislamu wenye nyumba za rangi kali, chini ya kilima cha Signal Hill. Wengi wao mababu zao waliletwa na Waholanzi kama watumwa, wengine kutoka visiwa vya Indonesia. Msikiti wa Auwal ulianzishwa 1794. Mchuzi wao una utamu fulani, si kama wa kwetu, ila sambusa utazijua. Msipige picha mbele ya mlango wa mtu kama vile ni studio, wenyeji wamechoka. Na mtaa una mwinuko, shukeni na teksi juu mteremke.

BintiWaUmoja
Asanteni sana. Na kama nikikodi gari?

Kaka_Ngong
Kodi. Wanaendesha kushoto kama sisi na barabara ni safi. Taja mapema kwamba unataka otomatiki, na uwe na kadi ya benki ya mkopo yenye jina la dereva, wengi wanaidai kwa ajili ya dhamana. Usalama ni ule ule wa hapa mjini: simu isikae dirishani, usiku msitembee kwa miguu, msisimame ovyo barabarani kutoka uwanja wa ndege.

Kwa kuwa nimeshindwa Kruger, acha niwape siku mbili. Ya kwanza, Hermanus, kama kilomita 120. Agosti na Septemba nyangumi wanakaribia ufuo na unawaona ukiwa umekaa kwenye benchi, huhitaji mashua. Piteni barabara ya pwani ya Clarence Drive, na hapo Betty's Bay msimame Stony Point muone pengwini. Wote hukimbilia pengwini wa ufuo wa Boulders, lakini Stony Point kiingilio ni nafuu na hakuna msongamano. Waoneni sasa, maana mwaka 2024 walitangazwa kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka.

Ya pili ni maua. Hapo Langebaan kuna hifadhi ya West Coast, na sehemu yake ya Postberg hufunguliwa Agosti na Septemba tu. Maua ya porini yanajaa hadi karibu na bahari. Lakini yanafunguka jua likiwaka, siku ya mawingu utaona majani tu. Fikeni kama saa tano, si alfajiri.

MzeeWaMizigo
Kumbe ulikuwa na akili zako umezificha. Ongeza Cape Point: kuna treni ndogo ya kupandisha watu hadi karibu na mnara wa taa, impunguzie mama ngazi. Chakula kifungiwe ndani ya gari, nyani wa pale ni majambazi.

Kaka_Ngong
Na wasidanganywe kwamba hapo ndipo mwisho wa Afrika. Ncha ya kusini kabisa ni Agulhas, mbele ya Hermanus.

BintiWaUmoja
Mama ameuliza kama Agulhas tunaweza kwenda siku ile ile ya nyangumi.

Kaka_Ngong
Mwambie mwalimu hapana, ni mbali. Alale Hermanus, aende kesho yake asubuhi.