Kipimo cha mama 9.4, nifanyeje?

Assalaam alaykum jamaa,

Nicheke­ni, lakini mnisaidie. Mama yuko Wete, Pemba, ana sukari. Juzi alfajiri kapima kabla hajala, kikaja 9.4. Nikafungua ukurasa wa hospitali hapa Columbus, Marekani, si wa kihuni: ikiwa chini ya 70 sukari imeshuka, mpe mgonjwa kitu kitamu upesi. Nikamwambia anywe chai, sukari vijiko vinne. Akakataa, nikagomba, akanywa. Baada ya saa moja, 15. Kipimo kibovu au mimi?

Mama Nasra, Columbus

*

Wa alaykum salaam dada yangu,

Kipimo kizima. Ukurasa nao ni wa kweli, ila umeandikiwa Wamarekani. Huko mnahesabu miligramu kwa desilita. Nyumbani, na sisi huku London, ni milimoli kwa lita. Zidisha ya mama mara 18: 9.4 ni kama 169. Imepanda, haikushuka! Kwa mashine yake, kushuka ni chini ya 4. Mpigie leo, na kliniki yake waambiwe.

Mimi muuguzi na bado hutazama mara mbili yale maandishi madogo pembeni ya namba. Hata kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, huku wanaandika 48, kwenu 6.5%, na ni kitu kimoja. Dawa vilevile: paracetamol ya Chake Chake ndiyo acetaminophen ya kwenu. Mtu akimeza zote mbili akidhani ni mbalimbali, ini ndilo linaloumia.

Kwa mambo ya mama soma tovuti ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huku Uingereza, namba zake za sukari zinalingana na mashine yake. MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, haina matangazo, na ina karatasi za Kiswahili za kumchapia.

Mdogo wako, London

*

Na klipu za majani ya mlonge, eti yanatibu sukari, je? Mimi natumiwa kila siku. Natazama mwisho tu: ikija namba ya simu ya kuagizia chupa, nafuta.

Ami yenu, Muscat

*

Ahsanteni. Nimempigia. Kumbe daftari lake la kliniki limeandikwa zamani: kabla ya kula, 4 mpaka 7. Nikamuuliza, mama, mbona hukuniambia?

"Ulikuwa unagomba."

Mama Nasra