Uchunguzi wa kifua kikuu kwa wakimbizi wanaopita kituoni kwa siku chache

Muuguzi_Mpito: Wadau, kwenye kituo ambacho wakimbizi hukaa siku tatu nne tu kabla ya kupelekwa kambini, uchunguzi wa TB uanzie wapi? GeneXpert (mashine inayotafuta vimelea vya TB kwenye makohozi) ipo, eksirei hakuna. Sampuli nyingi ni mate, na mashine inatoa kosa 2008 kila mara. Halafu watoto: tuwape dawa kinga kabla hawajaondoka?

Maabara_Kambini: Kosa 2008 ni la shinikizo. Aghalabu makohozi ni mazito, hayakuyeyuka vizuri, au yana mabaki ya chakula. Mgonjwa asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka kifuani. Hayo afanyie nje penye upepo, si ndani ya hema wala chooni. Povu jeupe jepesi ni mate. Mpe kopo jingine. Mililita 1 ndicho kiwango cha chini, 3 ni bora. Dawa ya kuyeyushia iwe mara mbili ya makohozi: tikisa kwa nguvu, acha dakika 10, tikisa tena, subiri 5. Huo mtikiso wa pili ndio watu wanauruka. Katriji (vikasha vya kupimia vinavyoingizwa mashineni) nazo zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 28; hema lenye jua la mchana halifai.

Kliniki_TB: Anzeni siku ya kuwasili, kabla hata ya kugawa mablanketi ikiwezekana, ili majibu yatoke kabla ya basi. Ulizeni kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho jingi usiku. Kwa mwenye VVU kikohozi cha siku moja kinatosha. Msingoje wiki mbili. Swali linalosahaulika: "Ulikuwa unameza dawa za TB kabla ya kukimbia?" Wengine huficha wakidhani watazuiwa kusafiri, kwa hiyo mhoji faragha.

Dawa kinga ni baada ya kuhakikisha hakuna ugonjwa. Ukimpa isoniazidi (dawa kinga) peke yake mtu mwenye TB, unaweza kutengeneza usugu wa vimelea kwa dawa. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, akiwa hana dalili na uzito unapanda, anastahili bila kipimo cha ngozi. Kipimo hicho kwenu ni kazi bure: husomwa baada ya saa 48 hadi 72, na utapiamlo au surua hukifanya kionekane hasi.

Mimi nisingeanzisha kinga kama kliniki ya kambini haijathibitisha kwamba itaendeleza. Aliyepatikana na TB ni tofauti: aanze matibabu leo, aondoke na dawa za safari na akiba, pamoja na barua yenye majibu ya rifampisini (kama vimelea ni sugu kwa dawa hiyo ya TB) na tarehe ya dozi ya kwanza.

Muuguzi_Mpito: Na mtoto asiyeweza kutoa makohozi?

Maabara_Kambini: Kinyesi, kiasi cha gramu 0.8, kinaingia moja kwa moja kwenye chupa ya dawa ya kuyeyushia. Ila jibu hasi halithibitishi kwamba mtoto hana TB. Akiwa na dalili, mpeni rufaa kwa daktari hata hivyo.