Tangu tumzike mwanangu nashindwa kusema "mapenzi yako yatimizwe". Naombeni ushauri

Wakuu, habari za usiku. Ni mara yangu ya kwanza kuanzisha uzi, huwa nasoma tu na kupita.

Mwezi wa tano tulimzika kijana wetu wa kwanza, miaka 17. Alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa sikoseli anayajua maisha yenyewe: vidonge vya foliki kila asubuhi, maji mengi, sweta hata Dar mvua zikianza, kukimbizana na bajaji saa nane usiku maumivu yakipanda, kupiga simu kutafuta watu wa kuchangia damu. Miaka 17 tumeishi hivyo, na miaka yote 17 tumemwombea. Alipofaulu kidato cha nne mama yake alilia kuliko siku ya harusi yetu. Safari hii kifua kilimbana Jumatano, Ijumaa alfajiri hatunaye.

Mimi ni mzee wa kanisa, KKKT (Walutheri). Nyumbani sala ya jioni naiongoza mimi. Msibani nilisimama imara, na pale kihambani, shamba letu la ukoo Machame, Kilimanjaro, nilisoma mwenyewe "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Watu wakasema huyu baba ana imani. Sijui ilikuwa imani au ganzi.

Tuliporudi Dar, jioni ya kwanza nikaanza Baba Yetu kama kawaida. Nilipofika "ufalme wako uje", sauti ikakatika. Binti yangu wa miaka 9 akamalizia peke yake. Nikajua ni uchungu wa siku ile. Miezi mitano sasa, sijawahi kuyavuka maneno yanayofuata, "mapenzi yako yatimizwe". Siku hizi saa ya sala ikikaribia naingia kuoga, au nachelewa makusudi kazini. Juzi binti akaniuliza, "Baba, ni Mungu ndiye aliyetaka kaka afe?" Nikamwambia akalale.

Mke wangu yeye ameenda upande mwingine kabisa. Kila Jumanne na Ijumaa yuko kwa mtumishi mmoja wa maombezi. Kaambiwa kwenye ukoo wangu kuna laana, isipovunjwa itamfikia na binti, na kuivunja kuna sadaka yake. Hela ninayo, siyo shida. Shida ni namna anavyonitazama sasa, kama vile mimi ndiye niliyemleta huyo muuaji ndani.

Mwezi ujao tunatakiwa kusimama mbele ya usharika kutoa shukrani ya msiba, halafu Desemba tupande Machame kujengea kaburi. Mke anataka tusimame. Mimi nisimame nishukuru nini? Nikisimama naona nadanganya madhabahuni. Nisiposimama namwaibisha yeye. Au niuache kwanza huu uzee wa kanisa?

Nawasilisha. Mnaozikejeli dini, kwa heshima, uzi huu niachieni.

Mkulima wa Mbozi
Pole sana mkuu. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, wewe ndiye kichwa cha nyumba, ukiyumba wewe wote wanaanguka. Usimhoji Mungu. Muda utapita.

Mama Tunu
Baba, pole mno. Aliyetangulia naomba nisikubaliane naye, bila ubaya.

Mimi nilimzika mwanangu wa kiume 2014, miaka 6, malaria. Walionijia na "kazi ya Mungu haina makosa" walikuwa wengi, hata sura zao zimenitoka. Ninayemkumbuka ni jirani aliyekuja siku tisa mfululizo akafua nguo, akaosha masufuria, akaondoka. Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno, na hapo walikuwa marafiki kweli. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, siyo Ayubu aliyelalamika kitabu kizima.

Kuhusu hayo maneno yanayokukwama, soma Mathayo 26 polepole. Yesu hakuanzia kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Alianguka kifudifudi akaomba kikombe kimwepuke, akarudi akaomba tena, na tena. Wewe unajilazimisha kuanzia pale alipofikia yeye baada ya uchungu wote ule. Bakia kwenye ombi la kwanza, hata mwaka. Mimi nilibakia kwenye Zaburi ya 88, kwa sababu ndiyo inayoishia gizani. Haina mstari wa kufariji mwishoni, na kipindi kile sikutaka mstari wa kufariji.

Nesi wa Zamu
Pole baba. Mimi naingia kwenye hilo la laana, maana nimekaa kliniki ya sikoseli miaka mingi na nimeona ndoa zikivunjika kwa ajili yake.

Sikoseli hairithiwi upande mmoja. Mtoto akiwa SS, yaani amepata mbegu ya ugonjwa kwa wazazi wote wawili, kwa kawaida baba ni AS na mama ni AS, kila mmoja amebeba mbegu moja tu, wote wazima, hakuna anayejua. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya kupata aliyebeba tu kama ninyi, na moja ya asiyebeba kitu. Kila mimba inaanza upya. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu. Na umeenea kwetu kwa sababu aliyerithi upande mmoja tu huhimili malaria kali, ndiyo maana mbegu yake haikupotea kwenye koo zetu. Babu zako na babu za mkeo pengine walipona utotoni kwa ajili ya kitu hicho hicho.

Swali langu: binti amepimwa? Miaka 9 bila dalili, uwezekano mkubwa haumwi, ila anaweza kuwa amebeba. Mpelekeni, wote wawili mwende. Hiyo hofu ya "itamfikia na binti" ina kipimo cha damu. Na hao wanafunzi wa Yesu waliouliza ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, Yohana 9, mnajua walijibiwaje: si huyu wala wazazi wake.

Bint wa Pangani
Kaka yangu, mimi Mwislamu, ya kanisani siyajui, ila kuzika mtoto nimezika.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mwanawe Ibrahim anakata roho, machozi yakamtoka. Sahaba akastaajabu, hata wewe? Akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Jicho linatoa machozi, moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhi Mola wetu. Siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim, naye akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Hilo la pili ndilo lililonishika mimi. Nilipofiwa niliambiwa kijicho, nikaambiwa jini, nikawa natafuta ishara kwenye kila kitu mpaka paka akipita dirishani. Mkeo usimkaripie. Anatafuta mahali pa kuuweka ule mzigo, na huyo mtumishi kampa mahali.

Binti naye mjibu, hata kama jibu ni "baba hajui". Mtoto ukimwambia akalale, analala nalo.

Mchungaji Mstaafu
Mwanangu, pole. Nimeongoza ibada nyingi za mazishi, zikiwemo za watoto, na sijawahi kuzizoea.

Shukrani ya msiba si kumshukuru Mungu kwa kufa kwa mtoto. Mnawashukuru waliobeba jeneza, walioleta mahindi na sukari, waliolala sebuleni kwenu, na mnamshukuru Mungu kwa miaka 17. Kama hata hilo ni zito, mkeo aseme wewe usimame tu pembeni. Au msogeze mbele, hakuna kanuni inayowafunga tarehe.

Uzee usiuache leo. Mwambie mchungaji wako ukweli, omba upumzike zamu. Na ile sala inasema Baba YETU. Unaponyamaza, wengine wanaisema na wewe umo ndani yake. Binti yako alikwisha kukuonyesha hilo jioni ile ya kwanza.

Mwanzisha uzi
Wakuu, nimewasoma wote, tena zaidi ya mara moja. Mkulima na wewe asante, najua umenitakia mema.

Jana nilimpa mke wangu simu asome ule ujumbe wa Nesi. Alisoma, akakaa kimya muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo na mimi nilimpa?" Nikamwambia tulimpa wote wawili, bila kujua. Akalia, na mimi nikalia. Mpaka jana kila mtu alikuwa analia chumba chake. Sijamwambia aache kwenda kule. Leo Ijumaa hakwenda, sikuuliza.

Binti nimemwambia sijui, na kwamba mimi pia namuuliza Mungu hilo hilo. Akaniuliza kama kuuliza ni dhambi. Nikamwambia hapana. Akasema basi yeye atauliza kila siku.

Sala ya leo kaongoza yeye. Nilikaa pale mwanzo hadi mwisho. Yale maneno yalipofika nilinyamaza, wao wakayasema.

Jumatatu tunampeleka kupima. La kusimama kanisani bado tunaongea.