MJADALA: Runinga kwenye madarasa ya shule ya Jumapili, ziendelee au zitolewe?

Ngosha wa Kisesa
Wakuu, Bwana asifiwe. Kanisani kwetu hapa Mwanza wazee wa kanisa wamefunga runinga kwenye madarasa yote ya watoto. Ibada ikianza tu, watoto wanawekewa video: Nuhu, Daudi na Goliathi, Yesu anatuliza dhoruba. Mwalimu kazi yake imebaki kushika rimoti. Kikao cha wazazi ni Jumapili ijayo na mimi nitasimama kusema zitolewe. Warumi 10:17 iko wazi, imani chanzo chake ni kusikia. Kwenu mnafanyaje?

Mwanakirumba
Naunga mkono, zitolewe hata leo. Tumegeuza darasa la Neno kuwa kibanda umiza. Na chanzo ni walimu wenyewe, hawaandai somo, wanabonyeza kitufe wanakaa kuchati.

Mwalimu wa Buhongwa
Kaka Mwanakirumba, hapo umenigusa pabaya. Watoto zaidi ya themanini chumba kimoja, walimu wawili, posho hakuna, chaki na karatasi tunanunua kwa hela zetu. Wewe mtoto unamshushia mlangoni, unamchukua ibada ikiisha, hujawahi hata siku moja kuuliza leo kafundishwa nini. Halafu mimi ndiye mvivu?

Mama wa Igoma
Jamani, naomba mnisikilize na mimi. Mwanangu hasikii vizuri tangu alipougua akiwa mdogo. Miaka yote alikuwa anakaa nyuma ya darasa anachezea kamba za viatu. Tangu hizo picha zimekuja, habari za Yusufu na ndugu zake anazijua, anatuigizia nyumbani, hadi lile shimo analichimba uani. Sasa huo mstari wa imani kuja kwa kusikia, mtoto wangu mnamweka wapi?

Mwanakirumba
Dada wa Buhongwa, sijakutaja wewe, lakini nina sababu ya kusema. Darasani kwa mwanangu mwalimu aliazima flashi ya kijana mmoja. Nuhu alipoisha, faili lililofuata likaanza lenyewe: filamu ya kibongo, watu wanatukanana matusi ya nguoni, mwanamke anamwagiwa bia usoni. Mwalimu alikuwa nje anahesabu sadaka ya watoto. Aliyechomoa waya ukutani ni mtoto wa darasa la tatu. Mwambie mwanangu akusimulie Nuhu, hawezi. Ile filamu anaisimulia mwanzo mwisho.

Mwalimu wa Buhongwa
Mwalimu alikuwa nje anahesabu sadaka kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuhesabu! Wanaume wote mko wapi? Mko ndani kwenye viti vya mbele.

Pasiansi Damu
Tuulizane kitu kingine. Hela za runinga zilitoka wapi? Kwetu tuliambiwa mfuko wa watoto hauna kitu, lakini kwaya ikapata kinanda kipya na spika mbili.

Ngosha wa Kisesa
Wakuu, kwaya ina uzi wake. Mada ni runinga.

Pasiansi Damu
Mada ni hela za watoto, mkuu. Runinga ni matumizi yake.

Nesi wa Zamu
WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe kabisa. Kanisani peke yake mnamaliza saa mbili, na akirudi nyumbani anakuta katuni.

Pasiansi Damu
Huo mwongozo ni wa watoto wa chini ya miaka mitano, dada nesi. Shule ya Jumapili ina watoto hadi wa miaka kumi na miwili.

Nesi wa Zamu
Na hao wadogo wanaobebwa na dada zao darasani huwaoni?

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo, wanangu. Kufundisha kwa macho hakukuanza na runinga. Nendeni Bujora, hapo hapo Kisesa kwa huyo mwenye mada. Miaka ya 1950 Padre David Clement alijenga kanisa la duara lenye alama za utemi wa Kisukuma, akatumia ngoma na nyimbo za Wasukuma kufundisha dini. Watu waliona, wakacheza, wakauliza, na padre alikuwepo wa kuwajibu. Hilo la mwisho ndilo ninalolililia.

Binti Igombe
Shikamoo mzee. Nami ni mwalimu, huku mwaloni. Niliweka video ya Petro na wale samaki wengi, Luka 5. Petro aliposema wamekesha usiku kucha wasipate kitu, mtoto mmoja akanyoosha mkono. Baba yake anavua dagaa. Akauliza, "Mwalimu, usiku ule kulikuwa na mbalamwezi?" Kwao mbalamwezi ikiwaka hawaendi ziwani, dagaa hawafuati taa. Video ikaendelea, samaki wakamwagika kwenye mashua, yeye mkono bado uko juu. Nikazima. Watoto wakaanza kusimulia usiku ambao baba zao walirudi mikono mitupu, na nyumbani ikawaje asubuhi. Sijawahi kupata somo kama lile.

Mwanakirumba
Petro hakuvua dagaa.

Binti Igombe
Hakuna aliyesema alivua dagaa, kaka. Nimesema mtoto aliuliza.

Sato wa Ukerewe
Ziwa Galilaya lina samaki wa jamii ya sato hadi leo, wageni huuziwa kwa jina la samaki wa Petro. Na ni ziwa dogo, kisiwa chetu cha Ukerewe ni kikubwa kulishinda lote.

Pasiansi Damu
Kisiwa kikubwa kuliko ziwa? Acha hizo.

Sato wa Ukerewe
Galilaya haifiki kilomita za mraba 170. Ukerewe inazidi 500. Angalia ramani kabla ya kunibishia.

Mama wa Igoma
Mmefika hadi kwa sato na hakuna aliyenijibu. Runinga zikitolewa Jumapili ijayo, mwanangu anarudi nyuma ya darasa. Mwenye mada, nakuuliza wewe.

Ngosha wa Kisesa
Mama, nimekusoma. Kikaoni nitasema zitolewe. Na suala la mtoto wako nitalisema hapo hapo, apate mwalimu wa kukaa naye.

Mwalimu wa Buhongwa
Mwalimu yupi, kaka? Tuko wawili. Unaanza wewe?

Binti Igombe
Mama wa Igoma, huku kwangu video ni dakika kumi, mwenye tatizo la kusikia anakaa mbele kabisa, kisha nazima tunaigiza. Wako anayechimba shimo la Yusufu angewaongoza wenzake.

Mwanakirumba
Sawa, lakini flashi ikaguliwe Jumamosi, na isiwe ya kuazima.

Mwalimu wa Buhongwa
Jumamosi saa tisa nafungua darasa. Njoo uikague wewe.