Nimenusurika aleji kali ya korosho, nimerudi nyumbani na vidonge tu. Vinatosha?

MamaK
Wakuu, naombeni ushauri, na wenye taaluma msinipite.

Juzi kwenye shughuli ya kifamilia nilikula mchuzi, kumbe uliungwa kwa korosho za kusaga. Zamani korosho zilikuwa zinaniwasha mdomo tu, basi nikawa naziepuka kimyakimya. Safari hii viganja viliwasha, midomo ikavimba, tumbo likanikata, nikatapika. Halafu sauti ikakwaruza na koo likaanza kubana.

Hapo kila mtu akawa daktari. Shangazi kaja na maziwa, mwingine anataka nitolewe nje nipate hewa, wengine wananipepea. Aliyewatuliza ni mdogo wangu wa kiume, amewahi kufundishwa huduma ya kwanza kazini. Akanilaza chali, akaniinua miguu juu ya mto, akakataa katakata nisisimame. Nilipomwambia nataka chooni akanijibu, "Malizia hapohapo dada, tutafua." Mume wangu akasogeza gari hadi mlangoni, wakanibeba nikiwa nimelala. Mama akatangulia kupiga simu hospitali, kwa hiyo tulipofika walikuwa wanatusubiri.

Nilichomwa adrenalini pajani nikapata nafuu upesi sana. Lakini usiku, nikiwa bado wodini, mabaka yakarudi na kifua kikabana, nikachomwa tena.

Sasa nimeruhusiwa na setirizini na prednisoloni. Mume wangu anasema nitembee navyo kwenye pochi, yatosha. Mama anataka nisile kitu chochote kisichotoka jikoni kwake. Mdogo wangu anasema bila adrenalini nyumbani tunacheza na kifo. Nani yuko sahihi? Na mtoto wetu nimpeleke akapimwe? Yeye korosho anakula vizuri tu.

NesiWaZamu
Pole sana dada. Mdogo wako yuko sahihi, na huo mto chini ya miguu usiuchukulie poa. Kwenye aleji ya namna hii mishipa ya damu hulegea na presha hushuka. Mtu akiinuliwa ghafla damu inabaki miguuni, moyo unakosa cha kusukuma. Wapo waliokufa kwa kusimamishwa tu wakati wanapelekwa kwenye gari. Anayehangaika na pumzi anaruhusiwa kukaa, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Anayetapika sana au aliyepoteza fahamu alazwe ubavu.

Kuhusu vidonge: setirizini inapunguza muwasho na mabaka, haifungui koo wala haipandishi presha. Prednisoloni inachukua saa kadhaa kufanya kazi, na koo halina saa kadhaa za kusubiri. Adrenalini ndiyo inayobana mishipa iliyolegea na kufungua njia ya hewa kwa dakika chache. Hivyo vingine vinafuata nyuma yake.

Kilichokupata usiku tunaita wimbi la pili. Mara nyingi huja ndani ya saa 12, kwa nadra hata hadi 72. Ndiyo maana hawakukuruhusu mapema, walifanya vizuri.

Kijiwe_Boy
Nesi, kwani maziwa si yanakata sumu? Sisi kwetu ndiyo dawa.

NesiWaZamu
Mkuu, hapa hakuna sumu. Korosho ni chakula salama, kinga ya mwili wake ndiyo inaikosea na kuipiga vita. Maziwa hayazimi vita hiyo, na kumnywesha mtu ambaye koo linafunga ni kumpalia. Kumtapisha kwa kidole vilevile hakusaidii.

PumuSugu
Dada pole, mimi ni mwenzako, mimi ni karanga na juu yake nina pumu. Natembea na kalamu mbili za adrenalini, yaani sindano za kujichoma zenye dawa tayari ndani. Ya mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 0.3, ya mtoto wa kilo 15 hadi 30 ni 0.15. Unachoma paja upande wa nje, hata juu ya suruali. Zikipita dakika 5 hadi 15 bila nafuu, unachoma ya pili. Usiiweke kwenye friji, na usiiache kwenye gari juani. Dawa ikibadilika rangi, badilisha.

Kalamu iliyoisha muda mke wangu aliifanyia mazoezi kwenye chungwa. Mpaka leo anasema alishangaa sindano inavyotoka kwa nguvu. Afadhali ashangae kwenye chungwa.

Mwenye pumu pia: adrenalini kwanza, inhela baadaye. Watu wengi huanza na inhela wakidhani ni pumu ya kawaida, muda unapotea.

MamaK
Asante. Na kama kalamu hazipatikani?

NesiWaZamu
Muulize daktari kuhusu adrenalini ya kichupa, ile ya miligramu 1 kwa mililita, pamoja na bomba la sindano. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtu mzima ni mililita 0.5 ndani ya msuli wa paja. Lakini wewe na watu wa nyumbani mfundishwe ana kwa ana kwanza, kwa sababu kiasi kikikosewa au ikiingia kwenye mshipa wa damu inakuwa shida nyingine.

JikoLangu
Mimi namtetea mama kidogo. Hofu yake ina msingi, ila kukufungia haitasaidia, kwa sababu hata jikoni kwake kijiko kilichokoroga korosho kinaweza kurudi kwenye sufuria yako. Joto la kupika haliondoi kinachokudhuru. Mikono na vyombo vioshwe kwa sabuni na maji, vitakasa mikono haviondoi. Na pistashio achana nayo pia, ni ndugu wa karibu wa korosho. Ukialikwa, muulize mpishi mwenyewe ameweka nini. Mwenye shughuli atakujibu tu "kula, hakina neno".

NesiWaZamu
Mtoto: kama anakula korosho bila tatizo, usimpime na usimkatishe. Vipimo vinaweza kusema ana aleji wakati hana, halafu unamnyima chakula ambacho mwili wake umeshakizoea. Wewe ndiye wa kupimwa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 baada ya tukio, na setirizini utaambiwa uiache siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi.

MamaK
Mume wangu kasoma yote, kanyamaza, halafu kauliza swali moja: atajuaje kuwa muda wa kuchoma umefika?

NesiWaZamu
Swali zuri sana, shemeji. Mabaka machache peke yake: mpe setirizini na usimwache peke yake. Mabaka pamoja na kutapika mfululizo, kukohoa, sauti kukwaruza au kizunguzungu: choma. Akijua kala korosho na koo likabana au akaishiwa nguvu, choma hata kama ngozi ni safi, maana kwa wengine ngozi haionyeshi chochote. Ukichoma bila ulazima, moyo utaenda mbio na mikono itatetemeka kwa muda, basi. Ukishachoma, hospitali ni lazima hata akijisikia mzima.

MamaK
Tumepata miadi kliniki ya aleji, na kalamu wameniandikia mbili. Mume wangu kaomba moja ikae kwake, mdogo wangu naye anaitaka, wanagombana. Mama suala la jikoni bado hajakubali.