Naomba ushauri: namba ya simu ya mteja kwenye WHOIS (orodha ya wazi ya wenye vikoa)

Wakuu, nasajili vikoa (anwani za tovuti) vya .co.tz kwa wenye maduka hapa Ngamiani, Tanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zisizidi kusudi lake, na namba binafsi ikianikwa, matapeli humpigia mteja wakijifanya msajili. Lakini aliyeibiwa mtandaoni naye ana haki ya kumfikia mhusika.

Kwenye WHOIS naweka jina la biashara (kamwe si la fundi wa tovuti, wakigombana kikoa kinaondoka naye), sanduku la posta, na baruapepe iliyo nje ya kikoa chenyewe. Kikoa kikiisha muda, baruapepe yake hufa na taarifa ya kulipia haifiki.

Je, mteja asiye na jina la biashara nichukue ridhaa yake kwa maandishi ili niweke jina lake mwenyewe? Na wakili akitaka jina halisi, mnamdai hati gani?